Alhamisi ya mpeleka mizigo Kisumu, ramani ikiwa mfukoni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Manyatta bado ni giza, ila kelele zimeshaanza: muadhini, jogoo wa jirani, na mwenye kibanda cha chapati anayekanda unga kana kwamba umemtukana. Nanywa chai ya strungi nikiwa nimesimama, napangusa umande kwenye kiti cha pikipiki, halafu kabla ya kuvaa helmeti nafungua simu. Siendi Facebook. Naenda kutazama Ziwa Victoria kutoka juu.

Hili niliokota mtandaoni nikitafuta kitu kingine kabisa. Umoja wa Ulaya una setilaiti zinazoitwa Sentinel-2, ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, na picha zake ziko wazi kwa yeyote kupitia tovuti ya Copernicus. Zikipita mbili kwa zamu, sehemu ileile hupigwa picha takriban kila baada ya siku tano, na nukta moja kwenye picha ni mita 10 kwa mita 10. Mtu humwoni, nyumba ni kivuli tu, lakini gugumaji linaonekana wazi: madoa ya kijani kibichi yanayohamahama ndani ya Ghuba la Winam. Wiki moja yamejazana upande wa Dunga, wiki inayofuata yamesukumwa ng'ambo. Yakikutana na mawingu, basi, subiri picha nyingine.

Nilimwonyesha mvuvi mmoja wa Dunga kwa fahari kubwa. Akatazama, akacheka. "Omera, hiyo picha yako ni ya juzi. Upepo wangu ni wa leo." Hana makosa. Bado natazama.

Saa moja asubuhi niko kwenye ofisi ya vifurushi karibu na steji. Magari ya usiku kutoka Nairobi yameshaingia. Watu wananunua vitu kwenye simu siku hizi, viatu, vioo vya simu, nguo za watoto, spea za blenda, na muuzaji wa Nairobi anafunga kwa selotepu na kuandika kwa kalamu nene: jina, namba ya simu, na neno "Kisumu". Basi. Hakuna mtaa, hakuna nyumba. Nasaini daftari, napiga simu moja baada ya nyingine, napanga mizigo kwenye sanduku la nyuma kwa mpangilio wa njia: ya mjini juu, ya Nyalenda na Dunga katikati, ya mbali chini kabisa.

Mjini ni haraka. Ofisi ina ghorofa, ghorofa ina askari, na askari anasema boda haipandi juu, mwenye mzigo ashuke. Nikimngoja kwenye Oginga Odinga Street nasoma maandishi ya mnara wa saa, ambao wengi wetu tunaupita kila siku bila kuinua macho. Ulizinduliwa mwaka 1938 kwa ukumbusho wa Kassim Lakha, mfanyabiashara aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871. Mwenye mzigo anashuka, anatuma M-Pesa, anaondoka bila kuniangalia usoni. Sawa tu. Wateja wa mjini ni hivyo.

Saa nne naingia Nyalenda, na hapa sina haraka hata kama nina haraka.

"Mama, nimefika kanisani. Niende wapi?"

"Usikate kwa kinyozi, nyathina. Nyoosha mpaka kwenye mwembe."

"Sioni mwembe."

"Ulikatwa. Lakini ni hapo hapo."

Ukicheka utachelewa, kwa hiyo unauliza watoto. Watoto wanaujua mwembe ambao haupo. Mmoja alitembea mbele yangu. Tukapita kati ya kuta mbili za mabati, mahali ambapo usukani wa pikipiki unabaki na upana wa kiganja kila upande, chini ya kamba za nguo, juu ya mtaro uliofunikwa kwa ubao mmoja mnene uliochakaa katikati. Upande wa pili palikuwa na uwanja mdogo, bomba la maji lenye foleni ya madumu ya njano, na mama mwenyewe anayepepeta omena. Alikuwa ameagiza sare ya shule. Akaifungua palepale, akampima mtoto mgongoni, ndipo akaanza kutafuta simu ya kulipia. Muda huo ndio wangu.

Kwenye OpenStreetMap njia ile haikuwapo. Kulikuwa na barabara ya kanisa, na baada ya hapo mapaa tu. Kwa asiyeifahamu: ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na unaweza kuirekebisha wewe ulipo. Hapa kwetu ilipata jina mwaka 2009, vijana wa Kibera walipozunguka na vifaa vya GPS wakachora mtaa wao, ambao kwenye ramani za kawaida ulikuwa karibu mtupu. Mimi niliijia kwa uvivu: nilichoka kupotea mahali pamoja kila wiki. Sasa imekuwa starehe yangu. Wenzangu wa steji wana mpira na kamari, mimi nina vichochoro.

Programu ninayotumia barabarani inaitwa StreetComplete. Haikulazimu kujua lolote la kompyuta, inakuuliza maswali tu kama mgeni mwenye udadisi. Njia hii ni ya lami, changarawe au udongo? Ina taa usiku? Duka hili hufunguliwa saa ngapi? Unajibu kwa kidole huku M-Pesa ikisubiriwa. Na nikiipita njia huwa nimewasha kinasa cha GPS, kinaacha mstari wa mahali nilipopita, ingawa katikati ya kuta za mabati mstari huo huyumba kama wa mlevi kwa sababu simu haioni anga vizuri.

Kuna masharti mawili ninayoyaheshimu. La kwanza, mteja akinitumia pini ya Google siruhusiwi kuinakili kwenye ramani hii. Leseni hazifanani, lazima nisimame hapo mwenyewe. La pili, majina ya watu hayaandikwi juu ya nyumba zao. Nitaweka kanisa, bomba la maji, choo cha kulipia, duka la dawa. "Kwa mama wa sare" inabaki kichwani mwangu. Na kwenye kichochoro chenyewe naandika jambo ambalo hakuna mchoraji aliyeketi ofisini angelijua: pikipiki inapita, tuktuk haipiti.

Dunga, kisha Milimani, kisha chakula. Ugali, omena, sukuma, na kelele za wenzangu wanaotaka kujua kama leo nimechora mto au nimechora ndege. Nimezoea.

Saa nane mchana nilikuwa na mzigo wa mwanafunzi Maseno, na safari hii huwa siikatai hata malipo yakiwa ya kubana. Ukitoka mjini kwa barabara ya Busia unapita Otonglo, unafika Kisian penye njia panda ya Bondo, halafu mlima unaanza na injini inabadilisha sauti. Kisumu tuko kusini kidogo tu mwa ikweta, karibu sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Nikipaki Kisian simu inasoma sifuri nukta kitu, kusini. Nikipaki tena juu zaidi, tarakimu zimepungua. Maseno penyewe zinaisha, na ukisukuma pikipiki kwa mguu taratibu kando ya barabara unaona S ya kusini inageuka N ya kaskazini. Mwanafunzi alinikuta nikifanya hivyo. Akauliza kama pikipiki imeharibika.

Kurudi kulinyeshewa. Mvua ya Kisumu ina adabu ya kungoja jioni, na sababu yake inaeleweka: mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani, unakutana na ule wa mashariki, na hewa inalazimika kupanda kuelekea milima ya Nandi. Mawingu mazito huwa yamesimama upande huo tangu saa tisa. Saa kumi na nusu tulikuwa tumejibana chini ya paa la kituo cha mafuta, boda, mama wa mboga, na mwanamume mwenye godoro jipya aliyelilinda kuliko alivyojilinda.

Hapo ndipo nilipomaliza kusoma kitu nilichokihifadhi asubuhi: ramani ya zamani iliyopigwa picha na kuwekwa mtandaoni, ambayo Kisumu imeandikwa Port Florence. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, na kituo cha mwisho kikapewa jina hilo. Kwenye ramani ile kuna reli, gati, maji. Kondele hakuna, Manyatta hakuna. Si kwamba hapakuwa na watu. Mchoraji alichora kilichomhusu, na kusema kweli hata mimi nafanya vilevile: vichochoro vyangu vimejaa Nyalenda kwa sababu wateja wako Nyalenda, na Bandani bado iko nusu tupu.

Saa moja jioni, Kondele, mzigo wa mwisho, matope mpaka magotini. Nyumbani nikanawa, nikala, nikafungua kompyuta ndogo iliyonunuliwa mitumba. Kazi ya usiku ni kupanga: kuweka mstari wa GPS juu ya picha ya angani, kuunyoosha ulipoyumba, kuhakikisha kichochoro hakipiti juu ya paa la mtu. Nikatuma.

Stima ilipotea, ikarudi, na iliporudi nikakuta ujumbe. Mchoraji mmoja wa Ujerumani, ambaye hukagua mabadiliko ya eneo letu na simfahamu zaidi ya hapo, alikuwa anauliza kwa heshima kama njia ile mpya inapitika msimu wa mvua. Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa siku nzima. Nikamjibu kwamba mvua ikizidi mwenye ubao huuondoa usibebwe na maji, na watu huzungukia nyuma ya kanisa mpaka mtaro upungue. Ramani haina alama ya ubao unaolala ndani kwa mwenyewe, lakini ina nafasi ya maelezo, nikayaandika hapo, nikaiongeza na ile njia ya nyuma ya kanisa kwa mistari ya vitone. Kesho kuna mzigo wa Ahero.