Mbega Weupe wa Msitu wa Rau: Kumbukumbu ya Mwezi wa Tatu wa Mradi

Mradi huu niliuanza mwanzoni mwa Juni kwa nia moja tu: kupata picha ya mbega mweupe akiwa amempakata mtoto wake mchanga, ambamo manyoya meusi ya mama yanaonekana unywele kwa unywele na weupe wa mtoto haugeuki kuwa doa tupu. Mkazi wa Moshi halazimiki kusafiri hadi Hifadhi ya Taifa Arusha ili kumwona mnyama huyu, kwa kuwa Msitu wa Rau uko kilomita chache tu kusini mashariki mwa mji, nami hufika kwa bodaboda kabla jua halijachomoza. Ni msitu unaolelewa na maji ya ardhini, wenye mivule mirefu ajabu, na upande mmoja umepakana na mashamba ya mpunga. Majaruba hayo nitayarejea, maana ndiyo yaliyouokoa mradi.

Jumamosi zote za Juni nilirudi mikono mitupu, ingawa mbega niliwaona kila mara. Nilikuwa nikisimama ndani ya msitu na kuelekeza lenzi juu, na kila picha ilitoka na tumbo la mnyama, matawi, na vipande vya anga jeupe vilivyomgeuza mbega kuwa kivuli cheusi kisicho na macho. Nilipoongeza mwanga ili uso uonekane, mkia na yale manyoya marefu meupe yanayoning'inia mabegani mpaka kiunoni kama shuka viliungua kabisa, yaani viligeuka weupe mtupu usio na alama yoyote.

Nililitafakari jambo hili kwa wiki mbili, na ninaliandika kwa kirefu kwa sababu wenzangu wengi tunaoonyeshana picha tumekwama hapo hapo. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Mbega akijaa kwenye fremu, kamera huona weusi mwingi, hudhani kuna giza, nayo huongeza mwanga hadi weusi unapauka na weupe unapotea. Mtoto mweupe akijaa kwenye fremu, mambo hugeuka: kamera hupunguza mwanga naye hutoka wa kijivu. Kwa hiyo kwa mbega mzima sasa ninapunguza mwanga kwa hatua moja kamili, yaani nusu yake, kisha ninatazama histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga katika picha, kuhakikisha kwamba mlima wake haugusi ukingo wa kulia. Weusi uliobaki gizani ninauinua baadaye kwenye kompyuta, kwa kuwa ninahifadhi faili ghafi (RAW) ambazo kamera haijazichakata, na faili hizo hutunza mengi katika vivuli. Weupe ulioungua hauna dawa.

Mwishoni mwa Juni nilikutana na mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya msitu. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akaniuliza ninachotafuta huko juu kila wiki. Nilipomweleza, alinyoosha mundu wake kuelekea kwenye majaruba na kusema, "Asubuhi wanaota jua kule ukingoni, baba. Humo ndani wanaingia wakishashiba joto." Hakuna aliyewahi kunipa maelekezo yenye thamani kama hayo. Mbega hula majani kwa wingi, na tumbo lake lenye vyumba kadhaa huyachachusha polepole, hivyo hupumzika sehemu kubwa ya siku. Baada ya usiku wa baridi hukaa kwenye matawi ya nje na kulielekezea jua kifua.

Tangu hapo ninasimama kwenye tuta la jaruba, mgongo wangu ukiwa mashariki. Kutoka hapo mnyama haonekani tena dhidi ya anga bali dhidi ya majani ya kijani yaliyokolea, na kwa kuwa niko mbali kidogo na mti, pembe ya lenzi imeshuka na macho yake yanaonekana. Ninatumia lenzi ya milimita 300 kwenye kamera yenye kihisi kidogo kinachoikuza mara 1.5, na mtikisiko wa mkono hukuzwa vivyo hivyo, kwa hiyo kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, haishuki chini ya 1/500 ya sekunde, tundu la lenzi likiwa f/5.6 na ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, ikifika 1600.

Mawingu ya Julai, ambayo mwanzoni niliyalaumu kwa kuninyima jua, yamenisaidia kuliko jua lenyewe. Wingu jepesi huutandaza mwanga, likapunguza umbali kati ya cheusi na cheupe, na kamera ikaweza kubeba vyote viwili.

Jumamosi ya tatu ya Julai nilimwona mtoto. Mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, uso ukiwa na rangi ya waridi, na huyu alikuwa ameshika manyoya ya kifua cha mama kwa mikono yenye vidole vinne, mahali pa kidole gumba pakiwa na kinundu tu. Jina la kolobasi, ambalo wataalamu humwita mbega, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichokatwa, na picha yangu ya kumi na moja asubuhi hiyo inaonyesha sababu waziwazi. Mama alikuwa amefumba macho. Sikio la mtoto lilipitisha mwanga likawa jekundu.

Ninapaswa kusahihisha maelezo ya picha niliyowaonyesha wenzangu wiki hiyo. Niliandika "mama na mwanawe" chini ya picha zote tano, lakini nilipozitazama upya niligundua kwamba katika mbili kati yake mtoto amepakatwa na jike mwingine mwenye kovu kwenye pua. Majike wa kundi moja hupokezana watoto wachanga, kwa hiyo aliyembeba si lazima awe aliyemzaa. Picha tatu tu ninazithibitisha, kwa sababu humo mtoto ananyonya.

Ombi lililonifikia mara mbili, la kutaja mti wenyewe, nimelikataa na nitaendelea kulikataa. Nimewahi kuona watu wakipiga makofi na kutikisa matawi ili mbega waruke, na mtoto wa wiki chache akidondoka kutoka urefu ule hatapona.

Jumamosi iliyopita, ya mwisho ya Agosti, kijivu kilikuwa kimeanza kuonekana utosini mwa mtoto. Akifikisha kama miezi minne atakuwa na rangi za wakubwa, hivyo nimebakiwa na wiki chache za kupiga hatua za kati, na kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri nitakuwa tutani.