Simu yangu iko kabatini, sijawa Mzungu

Jana nimetoka zamu saa mbili usiku, nafungua kabati, nakuta simu imepigwa mara kumi na moja, na chini yake ujumbe wa mdogo wangu: "Dada siku hizi hupokei. Ushakuwa Mzungu." Nimelala nao, nimeamka nao, bado unauma.

Simu zote zilipigwa kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi ya huku Uingereza. Kwetu Muheza, Tanzania, ni saa tano kwenda saa sita, watu wameshatoka shamba. Mimi saa hiyo nagawa dawa. Wodini kwetu muuguzi anayegawa dawa anavaa kizibao chekundu kilichoandikwa kwamba asisumbuliwe. Siku ya kwanza kukivaa, daktari bingwa alinijia na faili mkononi. Alipokiona akarudi hatua mbili, akasimama kimya mpaka mgonjwa alipomeza kidonge cha mwisho, ndipo akauliza lililomleta. Machozi yalinilenga. Miaka sita nimefanya kazi nyumbani, hakuna daktari aliyewahi kunisubiri.

Kule nilikuwa peke yangu na wagonjwa arobaini na kitu, wengine wawili kitanda kimoja. Nachanganya sindano, ndugu wa mgonjwa kanishika mkono, mwingine ananiita kutoka mlangoni, maabara wanataka mtu akachukue damu. Halafu jioni tunatukanwa kwamba manesi hawana moyo. Moyo tunao! Tulichokosa ni dakika tano za mgonjwa mmoja.

Wiki hii nina bibi mwenye saratani, anakunywa morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, miligramu 5. Chupa ya kawaida ina miligramu 10 katika kila mililita 5, kwa hiyo unavuta mililita 2.5. Lakini ipo nyingine kali, miligramu 20 katika mililita 1 tu. Ukivuta 2.5 ile ile kutoka chupa hiyo, umempa miligramu 50, mara kumi ya dozi yake, na pumzi inaweza kumkatikia usingizini. Ndiyo maana tunakuwa wawili. Mmoja anasoma lebo kwa sauti, mwenzake anainua bomba la zambarau la kupimia dawa usawa wa macho, tunatazama mstari pamoja, tunaandika kilichobaki kwenye chupa, tunasaini wote. Mdogo wangu, simu ya kuomba pesa za mabati ya nyumba ya mama ningeipokelea wapi hapo? Bibi yule naye ni mama wa watu.

Na wewe unayejiandaa kuja, usimpe dalali hata shilingi kwa ahadi ya kazi ya kulea wazee. Njia ya kuwachukua walezi wapya kutoka nje ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Wauguzi wenye sifa bado wanaingia, lakini kuna mtihani wa Kiingereza, wa uuguzi unaofanywa kwenye kompyuta, na wa vitendo unaohesabiwa dakika, na kugawa dawa ni sehemu yake. Anza kujizoeza sasa hivi, hapo hapo ulipo: soma lebo mpaka mwisho kabla hujageuka kumjibu anayekuita.

Mabati nitayalipa mwisho wa mwezi. Leo nikitoka nitapiga saa mbili na nusu usiku, kwenu saa tano na nusu. Mama huwa hajalala, ananingoja.