Koti ndilo vazi: Aprili yangu ya mvua Amsterdam

Mwanamke aliyezoea buibui hahitaji kufundishwa kwamba watu hutazama kilicho juu. Ndani waweza kuwa na gauni la hariri au dera lililopauka kwa kufuliwa, barabarani hakuna ajuaye. Kinachopimwa ni buibui lenyewe: limekaaje mabegani, mikono imekatwaje, upindo umeishia wapi. Dada yangu aliponialika Amsterdam mwezi wa Aprili, nilichukua hesabu hiyo hiyo nikaihamishia kwenye koti. Pesa ya mavazi ikaenda kwenye koti na viatu. Vya ndani vilikuwa sweta mbili na magauni ya kawaida, na kwenye picha huvioni.

Aprili kule wanaihesabu kuwa baridi imekwisha. Mchana nyuzi 12 au 13, usiku 5 hivi, na wenyewe wameketi nje ya mikahawa wameelekeza nyuso juani. Mvua yao si ile ya masika yetu, inayomwaga mpaka Mwembe Tayari, kwetu Mombasa, hapapitiki kisha ikakatika. Ni rasharasha. Inakuja robo saa, inaacha, jua linatoka, unafungua vifungo, inarudi. Wana tovuti yao, Buienradar, inayoonyesha mawingu ya mvua ya saa mbili zijazo, na hawatoki nyumbani kabla ya kuichungulia. Nami nikawa hivyo hivyo.

Lakini anayeharibu mavazi hasa ni upepo. Nchi karibu yote ni tambarare, hakuna kilima cha kuuzuia, na ukisimama juu ya daraja la mfereji unakupiga pande zote. Miavuli iliyovunjika mbavu imejaa kwenye mapipa ya taka. Mimi mwavuli sikuubeba kabisa. Mikono miwili huru na koti zuri vinatosha, na isitoshe mtu anayepigana na mwavuli hapendezi hata akivaa nini.

Koti nilinunua soko la mitumba la Kongowea. Wanaokwenda Ulaya hukimbilia maduka ya huko huko, na mimi siwaelewi: makoti yale yale yanakuja kwetu kwenye marobota, na Mombasa hayana wanunuzi. Nani atavaa koti na joto hili? Muuzaji aliponiona nimelishika aliniuliza, "Mamangu, waolewa Limuru kwenye baridi?" Alianza na elfu moja na mia tano, tukaishia mia saba.

Nililoshika lilikuwa koti la mvua la mtindo wa kijeshi, rangi ya mchanga, lenye mkanda kiunoni. Mtindo huu ulienea na maafisa wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na vile vipande ambavyo leo twaviona pambo vilikuwa na kazi. Kile kipande cha ziada mgongoni kinayapitisha maji yateremke bila kulowesha kitambaa cha chini. Kile cha begani kwa mbele kinafunika mahali koti linapofungia. Vikanda vya mikononi vinakazwa ili mvua isiingie. Kitambaa ni gabadini, kilichobuniwa na Thomas Burberry mwaka 1879: kimefumwa kwa kukazwa sana hata maji yanapata shida kupenya. Kwa hiyo unaponunua mtumba usitazame lebo. Tia ncha ya kidole kwenye maji, dondoshea tone moja begani, usubiri kidogo. Likisimama kama shanga, chukua. Likizama papo hapo, hilo ni koti la picha tu, muombe apunguze zaidi.

Bitana yake ilikuwa imechanika, na hapo ndipo nilipopata raha yangu. Nilimpelekea fundi wangu Old Town pamoja na kisutu, ile leso nyekundu, nyeupe na nyeusi, nikamwambia aitie ndani. Alikubali mwili, mikono akakataa. "Mikononi nitie satini, la sivyo pamba itang'ang'ania sweta yako na utavaa koti nusu saa." Ana haki. Satini inateleza, leso haitelezi. Basi nje mchanga mtupu, mtu wa heshima zake, na upepo ukilifunua koti kinatokeza kisutu. Pale Amsterdam, ambapo nusu ya mji umevaa nyeusi na samawati iliyokolea, nilisimamishwa na watu nisiowajua kuulizwa nimekinunua wapi.

Mtandio una shida zake. Shifoni iache nyumbani: ikilowa inaganda usoni, na upepo ukija imeshakuwa shingoni. Nilitumia ya jezi, ile inayonyumbuka kidogo, juu ya kofia ya ndani ya pamba ili isiteleze, ncha zote mbili nikazizamisha ndani ya kola ya koti. Hakuna kinachopeperuka. Rangi yako iweke hapa, kwani mbingu ni ya kijivu, maji ya mifereji ni ya kijivu, na uso ndio unaohitaji msaada. Mimi nilichukua haradali na kijani cha chupa. Nyeupe usijaribu, magari ya mji yanarusha matone ya tope.

Urefu wa gauni. Magauni yetu hushonwa yafagie, na barabara za pale ni za matofali yenye vidimbwi kila penye tofali lililozama. Upindo ukilowa, maji yanapanda mpaka magotini na hayakauki siku nzima. Nilipandisha magauni yangu shubiri moja kutoka ardhini, chini yake nikavaa taiti ya sufu. Sufu hata ikipata unyevu bado inakupa joto. Jinzi ni kinyume chake: ikinyonya maji inakuwa nzito na baridi, na kukauka ni kesho. Na kama dada yako atakubeba nyuma ya baiskeli, upindo mfupi ndio usalama wako, maana gurudumu halina huruma.

Viatu: buti fupi za ngozi, zenye mpira ubavuni, soli ya mpira yenye meno. Zinaingia na gauni, zinaingia na suruali, na unapoingia nyumba ya mtu unazivua bila kuinama robo saa. Visigino vyembamba vitanasa kati ya matofali, na reli za tramu zikilowa zinateleza vibaya. Kuna wanaovaa gambuti mjini, za rangi nzuri hata, lakini kwangu gambuti ni vazi la muosha samaki na sikuweza kujishawishi. Pia mguu unatokwa jasho ndani, na kwa mwendo wa siku nzima ni nzito. Buti zikilowa, zijaze magazeti usiku na uziweke mbali na hita, zisije zikapasuka ngozi.

Makumbusho yana mahali pa kuachia makoti, Rijksmuseum mojawapo. Kumbuka tu kwamba hapo ndipo kilicho ndani kinapotoka nje, kwa hiyo siku ya makumbusho ndiyo siku ya sweta yako nzuri. Siku ya soko la Albert Cuyp vaa yoyote, hutalivua koti, na mkono wako mmoja utakuwa na stroopwafel ya moto, biskuti yao nyembamba, inayochuruzika asali ya sukari. Chagua koti linalofutika.

Tarehe zikikuangukia 27 Aprili, siku ya kuzaliwa Mfalme Willem-Alexander, tia mkobani kitu cha rangi ya chungwa, kwa sababu ya ukoo wao wa Orange. Mji mzima unageuka chungwa, watu wanapanga vitu vyao vya zamani barabarani wanauza, mashua zinafurika muziki. Mimi nilifunga mtandio wa chungwa, basi. Dada yangu alivaa dera la chungwa kutoka Mombasa juu ya sweta, na juu yake hakuvaa chochote, mvua na iwe mvua. Yeye ndiye aliyeombwa picha mchana kutwa.