Mbwa aliyekaa kitako kanitoa jasho

Mimi kazi yangu ni hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, hapa hapa Malindi, msimu wa wageni utanikuta ufukweni Silversand na koni zangu na albamu ya mitindo, na mkono wangu umezoea maua, yaani maua, majani, korosho zile kama za kwenye leso, nakuchorea hata nikiwa nasinzia. Sasa Januari akaja mama mmoja wa Kitaliano, akafungua simu akanionyesha mbwa wake aliyemwacha kwao, amekaa kitako anatazama kamera, akasema anamtaka huyo, hapa kwenye mkono. Cane seduto, yaani mbwa aliyekaa. Nikajisemea mbwa tu, masikio na mkia, kuna nini hapo.

Wallahi nilimchora mbuzi. Tena mbuzi aliyekalia kigoda, miguu ya nyuma inaning'inia. Yule mama alicheka mpaka machozi, akanilipa na ya juu akaongeza, lakini piko si kitu cha kufuta kwa kitambaa, kwa hivyo alipanda ndege yake na mbuzi wangu mkononi na mimi nikabaki na aibu yangu.

Kusi ilipoingia bahari ikachafuka, wageni wakapungua, nikanunua daftari na penseli ya 2B nikasema huyu mbwa lazima nimjue. Mafunzo ya kwenye simu karibu yote yanaanza sawa: duara la kichwa, yai la kifua, yai lingine kubwa zaidi la makalio, halafu unaunganisha shingo na mgongo. Hapo sikupata shida. Hata miguu ya mbele haina neno, imenyooka kama nguzo mbili, cha kuangalia tu ni kiwiko, kisishuke chini sana, kiko pale usawa wa mwisho wa kifua. Balaa ni mguu wa nyuma. Nilichora nikafuta nikachora mpaka karatasi ikatoboka. Mtoto wa dada yangu akachungulia akaniuliza, khalati, huyu ni twiga? Sawa, Malindi tulishapeleka twiga mpaka China, mwaka 1415 huo, lakini si kwa kukusudia mbwa.

Na bibi yangu naye akaliona daftari. Akasema, mjukuu wangu, malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala yenye picha, wewe umeyatia yote mawili kwenye karatasi moja. Nikalihamishia daftari kwenye mkoba wa kazi, likawa halilali ndani.

Baadaye ndio nikajua ugonjwa wangu uko wapi. Sisi tuliolelewa nyumba kama yetu mbwa tunamjua kwa mbali, ukiguswa na mate yake ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, kwa hivyo tangu utotoni jicho langu likimwona mbwa huuliza swali moja tu, anakuja ama haji. Akishapita basi. Miaka yote hiyo sijawahi kumtazama mbwa miguu imekunjika vipi, nilikuwa nachora mbwa wa kuambiwa.

Nikaanza kwenda asubuhi pale wavuvi wanapoteremsha samaki. Kuna mbwa koko mmoja pale, rangi ya kahawia, sikio la kushoto limepasuka, kila siku amekaa kitako anangoja matumbo ya samaki, na anakaa haswa, kuliko hata wa kwenye picha. Mimi nikajibanza kwenye ngalawa iliyopinduliwa, hatua kama kumi, upepo ukimtoka yeye kuja kwangu, na hiyo harufu nawaachia wenyewe. Mvuvi mmoja akanipita, "Dada, wachora mbwa? Kwani watu wamekwisha?" Sikumjibu.

Siku ya tatu au ya nne ndio nikaona. Kando ya yule mbwa kulikuwa na mzee amechutama anapara samaki, magoti juu karibu na kidevu, makalio chini, nyayo zimelala mchangani. Nikatazama mzee, nikatazama mbwa, nikatazama mzee tena. Kumbe ni mguu ule ule! Samahani mzee, sina nia mbaya. Lile pindo la mguu wa mbwa tunalodhani ni goti limegeukia nyuma si goti, ni kisigino, mbwa hutembea kwa vidole tu, kisigino kiko hewani. Goti lenyewe liko juu huko, limejificha ubavuni karibu na tumbo. Sasa akikaa, goti linasogea mbele, kisigino kinashuka chini, na kutoka kisiginoni mpaka vidoleni kote kunalala ardhini, unyayo mrefu ambao mimi nilikuwa nauchora kifupi kama kwato. Ndio maana nikapata mbuzi.

Kingine kilichonisaidia nilikuwa nacho siku zote, sema sikukitumia. Kwenye hina ua huonekana kwa ile ngozi uliyoiacha wazi, ukijaza kila mahali unapata doa. Basi kati ya mguu wa mbele wa mbwa na paja lake kuna uwazi mwembamba wa pembe tatu. Nikaacha kumchora mbwa nikachora ule uwazi kwanza, halafu mbwa akajikalia mwenyewe pande zote mbili. Mgongo nikauteremsha kwa mstari mmoja bila kuinua penseli, hapo mkono wa maua ukalipa.

Wiki iliyopita nikamaliza moja ambayo sikutaka kuifuta. Yule yule mzee wa kupara samaki akaja nyuma yangu anapangusa mikono, akainama akaangalia weee, akasema, "Ah, si yule mwizi wa samaki changu huyu? Sikio lake hilo." Halafu akagusa karatasi kwa kidole chenye magamba, pale kwenye goti, "Na miguu umeipata, mwanangu, miguu hasa."

Nikamwambia ahsante. Sikumwambia nimeitoa kwake.