Nilivyofuatilia Cdt1 ikibandikwa ubikwitini kwenye seli za HeLa

Seli inatakiwa kunakili DNA yake mara moja tu katika kila mzunguko, na hilo linawezekana kwa sababu kazi mbili zimetenganishwa kwa wakati. Katika awamu ya G1, kabla ya kunakili, protini za ORC, Cdc6 na Cdt1 huvisha vianzio vya DNA pete za MCM2-7. Hicho ndicho kibali cha kunakili. Awamu ya S, yaani ya kunakili, ikishaanza, vibali vilivyotolewa vinatumika na vipya havitolewi. Cdt1 ndiyo inayobanwa zaidi kwa seli za binadamu: protini iitwayo geminini huishika isifanye kazi, na juu ya hapo hubandikwa ubikwitini, protini ndogo ya amino asidi 76, kisha proteasomu, kinu cha protini ndani ya seli, huisaga. Nilitaka kuona kule kubandikwa kwenyewe, kwenye HeLa, seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara. Kuona tu kwamba Cdt1 imepungua kwenye jeli hakutoshi, kwa kuwa protini hupungua kwa sababu nyingi.

Njia iliyozoeleka ni kuwapa seli dawa ya MG132, kuona Cdt1 ikipanda, na kumaliza hoja hapo. Mimi siiamini ikisimama peke yake. MG132 huzuia proteasomu nzima, hivyo mzunguko wa seli nao hukwama, na Cdt1 hupanda tena yenyewe seli zikifika G2 (baada ya kunakili) na mitosi (kugawanyika) hata bila dawa. Ukiiacha saa nyingi hujui kama unachokiona ni protini iliyookolewa au seli zilizokusanyika mahali ambapo Cdt1 ni nyingi kwa kawaida.

Kwa hiyo nilianza na mwanga wa UV, ambao huondoa Cdt1 hata kwenye seli zilizo G1, tena upesi kuliko mzunguko unavyoweza kusogea. Sababu ni PCNA, protini yenye umbo la pete inayovishwa kwenye DNA. Ligasi ya CRL4-Cdt2, kimeng'enya kinachobandika ubikwitini, huitambua Cdt1 pale tu inapokuwa imeshikamana, kwa kipande chake cha mwanzo kiitwacho PIP, na PCNA iliyovishwa kwenye DNA. Katika awamu ya S, PCNA iko huko kwa kazi ya kunakili. Baada ya UV, huitwa kwa ajili ya ukarabati. Kupata seli za G1 niliwapa nokodazoli, dawa inayozikwamisha kwenye mitosi, 50 ng/ml usiku kucha, nikagonga chupa ili seli zilizojiviringa zing'oke, nikaziosha vizuri na kuzipanda upya. Saa 4 hadi 5 baadaye nyingi huwa G1. Daima nilitenga sehemu kidogo kwa kipimo cha DNA: ethanoli baridi ya 70% inayodondoshwa tone kwa tone huku mrija ukitikiswa, RNase A ya kuondoa RNA, na rangi ya DNA, propidiamu iodidi, 50 µg/ml. Ethanoli ikimiminwa kwa mkupuo, seli hugandana, na seli mbili za G1 zilizoshikana husomeka kama moja ya G2.

Dozi ni 20 J/m² ya urefu wa wimbi wa nm 254. Mashine nyingi huhesabu kwa mikrojuli kwa sentimita ya mraba, na hapo namba ni 2,000. Ukikosea sifuri moja unaua sahani nzima. Mwaga chakula chote, suuza kwa maji ya chumvi ya PBS, ondoa kifuniko (plastiki haipitishi UV hii), mulika, rudisha chakula chenye joto. Chukua sampuli dakika 0, 15, 30 na 60. Kwenye HeLa, kufikia nusu saa mstari wa Cdt1 kwenye jeli, karibu kDa 60 (kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini), huwa umefifia sana.

Seli nilizivunja moja kwa moja kwa bafa ya moto yenye SDS, sabuni kali. Bafa laini huacha sehemu ya Cdt1 ndani ya kromatini, nayo huenda chini na mashapo, ukadhani imesagwa. DNA itafanya sampuli ivutike kama bamia. Ipitishe kwenye sindano nyembamba mara kadhaa.

Kuthibitisha kwamba ni kazi ya ligasi za kulini, kundi lenye CRL4-Cdt2, seli zilitangulizwa na dawa ya MLN4924 1 µM kwa saa moja. Dawa hii hukatiza ubandikaji wa NEDD8, protini ndogo inayofanana na ubikwitini, ambayo kulini huihitaji ili ifanye kazi, na Cdt1 hubaki licha ya UV. Kumbuka haikwambii ni ligasi gani: SCF-Skp2, inayoichukua Cdt1 baada ya kufosforishwa na saiklini A pamoja na CDK2, nayo huzimika. Kutofautisha, punguza Cdt2 au DDB1, sehemu za CRL4-Cdt2, kwa siRNA (RNA fupi zinazonyamazisha jeni). Usiiache MLN4924 siku nzima isipokuwa unataka kuona madhara yake, yaani seli zenye DNA zaidi ya 4N (kiasi cha kawaida cha G2) zilizonakili upya bila kugawanyika.

Sasa alama yenyewe, yaani ubikwitini. Nilipandikiza plasmidi (DNA ya mviringo) ya ubikwitini yenye histidini sita, ambazo hushika nikeli, 5 µg kwa sahani ya sm 10, na siku iliyofuata nikatoa MG132 10 µM saa moja kabla ya UV. Muda huo mfupi unatosha, na mzunguko haujapata nafasi ya kupotosha jibu. Dakika 30 baada ya UV, seli hukwanguliwa (tripsini yenye EDTA iache, EDTA hung'oa nikeli) na kuvunjwa kwa gwanidini 6 M, pH 8, yenye imidazoli 10 mM. Gwanidini huua papo hapo vimeng'enya vinavyobandua ubikwitini, ndiyo maana NEM, kizuizi cha vimeng'enya hivyo, sikuihitaji. Anayetumia bafa laini aweke NEM 10 mM mbichi, bila DTT wala merkaptoethanoli, kwani hizo huimaliza.

Vishanga vya nikeli, 50 µl, huzungushwa na sampuli saa 3 kwenye joto la chumba. Osha kwa gwanidini, halafu urea 8 M ya pH 8, halafu urea ya pH 6.3 yenye Triton kidogo, mwishowe Tris yenye imidazoli 20 mM. Usiruke hizi za mwisho: gwanidini iliyobaki ikikutana na SDS huganda nyeupe na sampuli haiingii kwenye jeli. Toa kwa bafa ya SDS yenye imidazoli 250 mM.

Kwenye jeli ya 8%, kila ubikwitini huongeza takriban kDa 8.5, hivyo tafuta ngazi inayoanzia juu ya 65 na kuishia ukungu mzito kupita 100. Mstari ulioko 60 kamili ni Cdt1 isiyo na alama iliyonata kwenye nikeli. Sahani isiyo na plasmidi ndiyo itakayokuonyesha unatoka wapi.