Kutoka mapango ya Amboni hadi ukingo wa Irente

Nimefundisha jiografia kidato cha pili kwa miaka sita, na kila mwaka nimechora ubaoni ule mlima wa duara ndani ya duara, nikawaambia wanafunzi kwamba mistari ikibanana, hapo pana mteremko mkali. Ila kupanda mlima huku ramani yake iko mkononi, sijawahi. Likizo ya Juni nikaamua kwenda Tanga, na kutoka huko nipande Usambara hadi Lushoto. Nilibeba karatasi mbili za ramani za skeli 1:50,000, zile ambazo sentimita mbili ni kilomita moja ardhini.

Nilianzia Amboni, kilomita kama nane kutoka mjini kwa bodaboda. Nje kulikuwa na joto la pwani, na ndani ya pango baridi na harufu ya popo. Mwongozaji alimulika tochi kwenye kuta nyeupe zilizochongeka kama mawimbi. Hii ni chokaa, masalia ya bahari iliyofunika eneo hili enzi ya Jurasiki, takriban miaka milioni 150 iliyopita. Chembe za makombe na matope yenye chokaa zilitua chini, tabaka juu ya tabaka, zikashindiliwa zikawa jiwe. Baadaye bahari ikaondoka, mvua ikaanza kazi yake. Maji ya mvua hunasa hewa ya kaboni, hasa yakipita kwenye udongo, yakawa na ukali kidogo kama wa limau iliyochanganywa na maji mengi. Ukali huo ndio unaoyeyusha chokaa, tone kwa tone, mpaka ufa ukawa njia na njia ikawa ukumbi.

"Mwalimu, wazee wanasema pango hili linafika Mombasa," mwongozaji aliniambia. "Wengine wanasema Kilimanjaro."

Simulizi hiyo naipenda, na sikutaka kumkatisha. Lakini njia nzima ya kwenda Korogwe niliiwaza. Pango la namna ile linahitaji chokaa, na ukiiacha pwani ukaelekea bara, chokaa inakoma. Kinachofuata ni jiwe la tabia nyingine kabisa, ambalo maji ya mvua hayaliyeyushi hivyo.

Basi lilipita Muheza, udongo ukawa mwekundu, mashamba ya mkonge yakanyooka hadi upeo wa macho. Baada ya Korogwe, Usambara ikasimama upande wa kulia kama ukuta. Mzee aliyekaa nami aliniuliza kama milima hii nayo iliwahi kulipuka kama Kilimanjaro. Nikamwambia hapana mzee wangu, hii haikumwagika kutoka chini, iliinuliwa. Gome la dunia lilipasuka, kipande kimoja kikapanda na cha jirani kikabaki chini. Tulikuwa tunapita juu ya hicho kilichobaki chini. Alitazama dirishani kwa muda mrefu.

Mombo nilipanda gari dogo la Lushoto. Barabara hiyo ni kilomita 33 hivi, na inapanda karibu meta elfu moja kwa kona ambazo sikuzihesabu. Nilishuka Soni kuona maporomoko, na pembeni mwa barabara, pale mlima ulipokatwa, nikaokota jiwe ambalo bado ninalo mezani. Ni naisi. Lina michirizi, mweupe, mweusi, mweupe tena, limekunjwa kama unga wa chapati uliosukumwa mara mbili. Ulanga unametameta ukiligeuza juani, na kuna vijidoa vyekundu vya ganeti, vidogo kuliko punje za ulezi. Jiwe hili lilipikwa makumi ya kilomita chini ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, bila kuyeyuka likawa uji. Joto na mgandamizo vililigeuza kutoka jiwe jingine, ndiyo maana tunaliita mwamba geu. Kulishika kando ya barabara, huku watoto wanauza forosadi, kulinitia machozi. Nilikuwa nimelitaja darasani mara nyingi sana bila kuligusa.

Kesho yake asubuhi nilitembea hadi Irente. Ukingo unakuja ghafla. Hatua mbili mbele hakuna kitu, na chini kabisa ni tambarare ya Mazinde, barabara ni uzi, magari ni chungu. Nikatandaza ramani juu ya mwamba, nikaikandamiza kwa mawe pembeni. Kontua, yaani ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, kwenye ramani yangu zinapishana kwa kimo cha meta 20, na kila ya tano imekolezwa wino. Kati ya pale nilipokaa na tambarare kulikuwa na mistari karibu hamsini, imebanana katika upana wa vidole vitatu. Huko bondeni nafasi ileile haikuwa na zaidi ya mstari mmoja au miwili. Nilitazama karatasi, nikatazama chini, nikarudia. Hata vijito vilisomeka: mstari ukivuka kijito hujikunja kama herufi V, ncha ikielekea maji yanakotoka, na kila V niliyoiona karatasini niliipata mlimani kama mkunjo wa msitu wa kijani kibichi zaidi.

Nikirudi, nilimkuta mama mmoja shambani na mwanawe wakipima kwa vijiti vitatu vilivyofungwa kama herufi A, uzi wenye jiwe ukining'inia katikati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea?"

Nikamwambia sijapotea, natazama tu. Akanionyesha. Uzi ukigusa alama ya katikati, miguu yote miwili ya A iko kimo kimoja. Wanapigilia kigingi, wanasogeza, wanapigilia tena. Mstari wa vigingi ulizunguka kilima bila kupanda wala kushuka. Watachimba mfereji hapo, udongo wautupe upande wa juu, na juu ya tuta wapande majani ya tembo. "Mvua za masika zilishusha udongo wa jirani mpaka mtoni," alisema. "Wangu uko."

Nilikunjua ramani nikamwonyesha kilima chake, mistari ya kahawia ikikizunguka. Aliinama, akaufuata mmoja kwa kidole chenye udongo hadi uliporudi ulikoanzia.

"Huyu aliyechora," aliuliza, "alipita hapa na vijiti?"