Jinsi tulivyoacha kutegemea mafaili ya usiku chuoni

Mwanafunzi aliingia ofisini kwetu na risiti ya ada mkononi. Alilipa Jumatatu, Jumatano asubuhi Moodle, mfumo wetu wa masomo mtandaoni, ilikuwa bado imemfungia, na jaribio lake lilianza saa nne. Nilimfungulia kwa mkono, kisha nikaketi kutafuta malipo yake yalipokwamia.

Yalikwama kwenye faili la CSV, yaani faili la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma. Kila usiku saa nane mfumo wa fedha ulitoa faili, skripti (programu fupi inayojiendesha) ikalipeleka kwenye mfumo wa usajili, na skripti nyingine ikapeleka orodha Moodle. Usiku huo jina moja lilikuwa na koma ndani yake, safu zikasogea, skripti ikafa kimyakimya. Hakuna aliyejua.

Nilichora mifumo yetu ubaoni: ilikuwa 9. Ukitaka kila mmoja uunganishwe na mwenzake moja kwa moja, unahitaji viungo 36. Ukiongeza wa kumi, vinafika 45. Sisi tulikuwa na 17, na vinne kati ya hivyo waliovijenga walishaondoka bila kuandika chochote.

Wiki za kwanza nilizimaliza nikilinganisha RabbitMQ na Kafka, programu za kupitishia ujumbe kati ya mifumo. Nisingezitumia hivyo tena, maana swali gumu lilikuwa jingine: taarifa ni ya nani? Jina la mwanafunzi likiwa hivi kwa msajili na vile kwa mhasibu, tumwamini yupi? Tuliketi nao wote, pamoja na mkutubi, tukajaza jedwali. Jina, kozi na hali ya usajili ni vya msajili. Salio la ada ni la fedha. Akaunti na barua pepe ni vya kwetu, TEHAMA. Wengine wanasoma tu, hawabadilishi.

Mkutubi alipinga. Wanafunzi humpa namba mpya za simu wanapoazima vitabu, akasema, kwa hiyo namba zake ndizo mbichi kuliko za msajili. Alikuwa sahihi kabisa. Tukatengeneza njia ya marekebisho yake kumfikia msajili ayathibitishe, na kuanzia hapo maktaba ikawa mshirika wetu mkubwa.

Kiungo cha kwanza tulichobadilisha ni kile kilichomkwamisha yule kijana. Sasa malipo yakiingia, ujumbe unawekwa kwenye foleni ya RabbitMQ, na kila mfumo unaohusika unauchukua. Mfumo wa fedha ni wa zamani, hauna API, yaani njia ya programu nyingine kuuomba taarifa, hivyo tuliandika programu ndogo inayosoma jedwali la malipo kila dakika, kwa akaunti isiyo na ruhusa ya kuandika.

Katika majaribio, malipo ya mtu yalihesabiwa mara mbili. Mtandao ulikatika kabla ya uthibitisho wa kupokea kurudi, foleni ikautuma ujumbe upya, kama inavyotakiwa. Kosa lilikuwa letu. Tukaupa kila ujumbe namba yake ya pekee, na mpokeaji akiiona namba aliyokwisha kuishughulikia anaiacha ipite. Ujumbe unaoshindikana nao haupotei: unaingia foleni ya pembeni na zamu inapata taarifa papo hapo. Kwangu mimi hili ndilo badiliko kubwa kuliko kasi.

Muhula mzima tuliendesha njia zote mbili, na kila asubuhi tukalinganisha matokeo. Tofauti nyingi zilitoka upande wa zamani. Kuna namba za usajili zilizopoteza sifuri ya mwanzo kwa sababu zilihifadhiwa kama tarakimu za hesabu badala ya maandishi. Viungo vya zamani tulivizima kimoja kimoja, na kamwe si wiki ya usajili.

Hosteli bado wanapokea faili la usiku, kwa kuwa mfumo wao hauwezi zaidi ya hapo. Ila mistari yake inahesabiwa kabla ya kupokelewa, na lisipofika hadi saa kumi alfajiri simu ya aliye zamu inalia.